Honda kuukuu na tope la Kyela

Itazame Honda CG125 ya zamani: cheni huioni! Ilitoka 1976, ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi walijua wengi tungeendesha tu bila kuitunza, wakaificha cheni ndani ya kava.

Ila kwa mvua za Kyela, kava peke yake haitoshi. Lifungue, sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ifute, ipake oili. Maji ya presha yasiguse kabureta wala beringi.

Na ziwani usiende nayo! Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Oili chafu tukiimwaga Matema, tutakuja kuila kwenye mbasa.