Pango la Bracken

Pango la Bracken ni pango lililopo katika kaunti ya Comal, jimbo la Texas, nchini Marekani, karibu na mji wa San Antonio. Linajulikana kwa popo wake, ambao katika majira ya joto hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 15. Kundi hilo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko makundi yote ya popo yanayojulikana duniani.

Popo wa pangoni

Popo hao ni wa spishi ya popo mkia-huru wa Meksiko (jina la kisayansi: Tadarida brasiliensis). Huitwa hivyo kwa sababu sehemu ya mkia hutokeza nje ya utando ulio kati ya miguu ya nyuma. Popo mmoja ana uzito wa gramu 12 hivi.

Hufika kutoka Meksiko kuanzia mwezi Machi na kurudi kusini mnamo Oktoba. Wengi wao ni majike wanaokuja kuzaa. Kila jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Juni. Watoto hubanana kwa maelfu juu ya kuta na dari ili kupata joto. Mama anaporudi kunyonyesha humtambua mwanawe kwa sauti na harufu.

Kutoka wakati wa jioni

Jua linapokaribia kutua, popo huanza kuzunguka mdomoni mwa pango kama kimbunga, kisha hupanda angani kwa safu ndefu inayofanana na moshi. Kundi ni kubwa kiasi kwamba huonekana kwenye rada za hali ya hewa, na kutoka kwao huchukua saa kadhaa. Mwewe huwavizia angani, na nyoka huwangoja karibu na mlango.

Usiku huwinda wadudu, hasa nondo, kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zao wenyewe. Miongoni mwa mawindo yao ni nondo ambaye viwavi wake huharibu mahindi na pamba. Nondo huyo ni wa jenasi moja na funza wa vitumba anayewasumbua wakulima wa pamba wa Afrika ya Mashariki. Hivyo popo huwapunguzia wakulima gharama za dawa.

Hifadhi

Kwa kuwa mamilioni ya majike hukusanyika katika pango moja na kuzaa polepole, hasara ikitokea hapo ni vigumu kufidiwa. Shirika la Bat Conservation International, lililoanzishwa mwaka 1982, lilinunua pango lenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hata hivyo, kumiliki pango hakukutosha. Baadaye ulitokea mpango wa kujenga maelfu ya nyumba kwenye shamba jirani, ambalo popo hupita juu yake kila jioni. Ilihofiwa kwamba taa zingewavuta wadudu na popo hadi kwenye makazi ya watu. Mwaka 2014 shirika hilo, pamoja na The Nature Conservancy, mji wa San Antonio na wachangiaji wengine, walinunua shamba hilo la ekari 1,521 kwa takriban dola milioni 20. Mji ulikuwa na sababu yake pia: mvua inayonyesha kwenye ardhi hiyo huingia katika hifadhi ya maji ya chini ya ardhi inayotumiwa na wakazi wake.

Wageni hutazama popo wakiwa nje tu, kwa jioni zilizopangwa. Hawaruhusiwi kuingia pangoni, ambamo hewa imejaa amonia kutokana na kinyesi.