Kurefusha miguu kwa upasuaji na gharama yake kwa umbo

NJIA ya kisasa ya kurefusha miguu kwa upasuaji ilianzishwa miaka ya 1950 na Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti mjini Kurgan, Siberia. Nia yake ilikuwa kuwatibu majeruhi na waliozaliwa na mguu mmoja mfupi. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki.

Mfupa hukatwa, kisha vipande vyake hushikiliwa kwa pete za chuma zilizo nje ya mguu na kutenganishwa takriban milimita moja kwa siku. Mfupa mpya huota katika mwanya huo. Sentimita 5, basi, huhitaji siku 50 za kuvutwa, na miezi zaidi ya kusubiri mfupa ukomae.

Lakini mfupa hauko peke yake. Misuli, kano na neva hulazimika kuufuata, tena kwa maumivu. Kano ya kisigino ikikaza, mtu hutembelea vidole. Isitoshe, kiwiliwili na mikono havirefuki. Kwa kawaida upana wa mikono iliyonyoshwa hukaribiana na kimo. Anayerefushwa muundi huuvuruga uwiano huo, pamoja na ule wa muundi na paja.

Mwaka 2006 Uchina iliupiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo, ikauruhusu kwa tiba pekee. Kwingineko, ikiwemo Uturuki, ungali unafanyiwa watu wasio na ugonjwa wowote.