Vitafunwa vya mafunzo kwa mbwa wenye tumbo dhaifu

Vitafunwa vya mafunzo ni vipande vidogo vya chakula anavyopewa mbwa papo hapo anapotii: akikaa alipoambiwa, akija alipoitwa, akinyamaza mgeni aliyebisha hodi anapokaribishwa. Mbwa mwenye tumbo dhaifu ni yule anayeharisha, kutapika au kujaa gesi mara kwa mara kwa vyakula ambavyo wenzake huvila bila shida. Kwake yeye kipande kibaya huvuruga mafunzo ya siku kadhaa. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua vitafunwa hivyo kwa kuuangalia mtaa wa Cimpunda, katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako tegemeo la wafugaji ni jiko na soko kuliko pakiti za viwandani.

Mbwa wa Cimpunda

Cimpunda imejengwa mteremkoni. Nyumba zimebanana, njia ni nyembamba, na watoto hucheza palepale mbwa anapolala. Mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi, na wengi ni wa damu mchanganyiko, baadhi wakionyesha masikio na mgongo wa mbwa mchungaji wa Kijerumani. Mahali pa namna hii kumfundisha mbwa kuketi, kuachia alichokishika na kurudi akiitwa ni suala la usalama. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kongo. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo la kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Chanjo ndiyo kinga yenyewe, lakini mbwa mtulivu, anayeshikika bila vita, ni rahisi pia kumpeleka kuchanjwa.

Chakula cha kila siku cha mbwa hawa ni mabaki ya nyumbani: bugali ya mahindi au ya muhogo, maharagi, vichwa vya samaki, mchuzi. Wako wanaodhani bugali ndiyo inayowaumiza. Mara nyingi sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi za jeni ya AMY2B, inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kwenye kongosho, ilhali mbwamwitu wana nakala mbili tu. Maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima yamembadilisha mbwa. Bugali iliyoiva vizuri humeng'enywa na mbwa mzima; kinacholeta taabu zaidi ni mafuta yaliyo kwenye mboga, chakula kilichochacha, na mabadiliko ya ghafla.

Bonde la Kongo lenyewe limeipa dunia mbwa anayetajwa sana madaktari wanapozungumzia magonjwa ya utumbo. Ni basenji, mbwa wa kuwindia asiyebweka kama wengine. Majaribio ya kwanza ya kumpeleka Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 yalishindwa kwa sababu mbwa hao walikufa kwa ugonjwa wa distempa; kizazi kilichodumu huko kilianza katika miaka ya 1930. Miongoni mwa basenji wa ughaibuni, waliozaliana kutoka kwa wazazi wachache, hupatikana ugonjwa wa kurithi unaounenepesha ukuta wa utumbo mwembamba na kumfanya mbwa apoteze protini, aharishe na kukonda. Mbwa mchungaji wa Kijerumani naye huelekea kupungukiwa vimeng'enya vya kongosho: hula sana, hukonda, na kinyesi chake huwa kingi, laini na chenye mafuta. Mbwa wa namna hizi hawaponywi kwa kubadilishiwa kitafunwa, kwa hiyo ni vema kuyafahamu magonjwa haya kabla ya kuanza kujaribu vyakula.

Minyoo kwanza

Mbwa anayezurura, anayekunywa maji ya mifereji na kuokota kwenye majalala, huharisha zaidi kwa vimelea kuliko kwa aina ya chakula. Safura, minyoo ya duara na jiadia hufanya tumbo lionekane dhaifu kwa miezi mingi. Veterineri akipima kinyesi na kutoa dawa inayofaa, nusu ya mjadala wa vitafunwa huweza kuisha hapo hapo. Mwenye mbwa asiyefanya hivyo atahama kutoka kuku kwenda yai na kutoka yai kwenda samaki, akilaumu kila chakula bila haki.

Mzio wa kweli na orodha za kigeni

Mwaka 2016 kulichapishwa mapitio ya kesi 297 za mbwa wenye mzio wa chakula unaojitokeza kwenye ngozi. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na mazao yake 17, kuku 15, ngano 13. Samaki na mchele vilikuwa karibu asilimia 2 kila kimoja. Kutokana na takwimu kama hizi, vitabu vingi vya Ulaya na Marekani humshauri mwenye mbwa wa tumbo dhaifu ampe samaki.

Ushauri huo hauwezi kuchukuliwa Cimpunda kama ulivyo. Mwili hujenga mzio dhidi ya protini uliyokwisha kukutana nayo, na orodha ile inaonyesha zaidi kile ambacho mbwa wa nchi hizo hulishwa kila siku. Mbwa wa Bukavu amelelewa kwa vichwa vya samaki tangu aachishwe ziwa, na nyama ya ng'ombe huenda ameionja siku za sikukuu tu. Akishukiwa kuwa na mzio, samaki ndiye wa kwanza kuchunguzwa, wala si wa kukimbiliwa. Kigezo ni historia ya mbwa mwenyewe: amekula nini miaka yote, na nini hajawahi kukila.

Kwa mbwa wengi wa mtaani, protini ngeni iliyo karibu ni sungura au simbilisi, mnyama mdogo ambaye wengi Bukavu humwita kobaye. Katika vijiji vya Bushi, eneo la Bashi linaloizunguka Bukavu, wanyama hawa hufugwa ndani ya nyumba, mara nyingi jikoni, wakilishwa majani na maganda. Nyama yao haina mafuta mengi. Ikichemshwa bila chumvi, ikatolewa mifupa yote na kukatwa vipande vidogo, ni kitafunwa bora kwa mbwa anayechunguzwa.

Uchunguzi wenyewe ni wa kungoja. Mbwa hupewa chanzo kimoja cha protini na kimoja cha wanga, mathalani sungura na kiazi kitamu, bila kitu kingine chochote. Dalili za tumbo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2. Za ngozi huhitaji hadi wiki 8. Kisha chakula cha zamani hurudishwa ili kuona kama taabu inarudi. Hapa ndipo vitafunwa huharibu kazi bila mtu kujua. Mtoto akidondosha kipande cha mkate, au mbwa akitunukiwa kichwa kimoja cha samaki kwa kuwa ameketi vizuri, jaribio lote halisemi tena kitu. Hata vidonge vya minyoo vilivyotiwa ladha ya nyama vinaweza kulivuruga. Katika kipindi hicho kitafunwa lazima kitoke katika sufuria ileile ya mlo, na nyumba nzima, pamoja na majirani wenye huruma, iambiwe.

Sambaza

Mbwa ambaye tatizo lake si mzio wa samaki ana bahati kubwa ya kuishi karibu na Ziwa Kivu. Sambaza, ambao kitaalamu huitwa Limnothrissa miodon, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hili. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, na huuzwa kwa kipimo katika masoko ya mji, Kadutu likiwamo.

Sambaza mkavu ana karibu kila sifa ya kitafunwa cha mafunzo. Harufu yake kali humvuta mbwa hata barabarani penye kelele, huvunjika kwa vidole, haozi mfukoni kwa saa kadhaa, na bei yake inahimilika. Yafaa aoshwe ili mchanga utoke, achemshwe kidogo, kisha akaushwe tena karibu na makaa. Waliotiwa chumvi waachwe. Waliokaangwa kwa mafuta waachwe pia, maana mafuta mengi huchokoza kongosho, na kongosho likivimba mbwa hutapika, hujikunja kwa maumivu na anaweza kufa. Kwa mbwa mwenye tumbo dhaifu kabisa, kiwiliwili kikatwe vipande vinne au vitano na kichwa chenye mifupa kiondolewe.

Vitu vingine vya jikoni

Kiazi kitamu kilichochemshwa hadi kikalainika, kikakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na kukaushwa kidogo, huwafaa mbwa wengi wasiovumilia nyama. Ute wa yai lililochemshwa una protini nyingi na karibu hauna mafuta. Kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi ni chepesi kumeng'enyeka. Ini hupendwa sana, nalo lina vitamini A nyingi mno, kwa hiyo litolewe kwa chembe na si kila siku. Mashanza, maziwa ya mgando ya Bashi, yana laktosi kidogo kuliko maziwa mabichi kwa kuwa yamechachuka, ila protini ya maziwa imebaki mle, na mbwa mwenye tumbo dhaifu asianziwe hapo.

Muhogo unahitaji tahadhari. Ukiwa mbichi, hasa ule mchungu, una kemikali zinazotoa sianidi, na majani yake vilevile. Sombe, yaani majani hayo yaliyotwangwa na kuchemshwa sana, haina hatari hiyo, lakini huungwa kwa mawese na vitunguu, na vitunguu, pamoja na vitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu, pombe na peremende zenye ksilitoli ni sumu. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kuchoma utumbo. Nyama mbichi na viungo vya ndani vya machinjioni vinaweza kubeba malengelenge ya minyoo ambayo mbwa huwaambukiza watu wa nyumbani.

Karanga na mahindi yenye ukungu yasitupiwe mbwa kwa kisingizio kwamba binadamu hawezi kuyala. Sumu ya aflatoksini iliyomo humuua mbwa kwa kuharibu ini, na mbwa huathirika upesi. Hatari yake ilionekana kwa watu wenyewe mashariki mwa Kenya mwaka 2004, pale mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu yalipoua watu 125.

Kiasi

Madaktari wa wanyama hushauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Mbwa mzima wa kilo 10 huhitaji takriban kilokalori 600, hivyo fungu la vitafunwa ni 60 hivi. Gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina kilokalori 165. Kipande cha nusu gramu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, hakifiki kilokalori 1. Mbwa anaweza kutuzwa mara 60 kwa kipande cha kuku cha gramu 30, na mlo wake upunguzwe kwa kadiri hiyo.

Hesabu hii ina uzito wake katika nyumba ambamo chakula cha watoto hakitoshi. Si haki, na wala haihitajiki, mbwa ashibe nyama ambayo mtoto hakuiona. Thamani ya kitafunwa iko katika wakati wake: kitolewe ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo, na mbwa hujifunza sawasawa kwa chembe kama kwa kipande kikubwa. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa malipo ya vionjo vidogo vya ndizi na chakula laini. Mbwa mwenye tumbo lisilovumilia chochote cha ziada anaweza kutuzwa kwa mlo wake wa kawaida: bugali ya jioni hutengwa, hufinyangwa tonge ndogondogo na kutolewa moja moja wakati wa zoezi.

Wako pia mbwa wanaofanya kazi kwa furaha ya mchezo. Mbwa wengi wa kunusa pembe za ndovu na silaha hulipwa kwa mpira au kamba ya kuvutana. Kamba kuukuu yenye fundo inatosha kumtuza mbwa aliyerudi alipoitwa, na kwa mbwa mgonjwa ndiyo njia salama kuliko zote.

Kuhifadhi na kuanza upya

Umeme wa shirika la taifa, SNEL, hukatika mara kwa mara na friji ni za wachache, kwa hiyo vitafunwa vibichi hupikwa kwa kiasi cha siku ileile, na vilivyokaushwa huwekwa katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu. Kitu kipya huanzishwa peke yake: vipande viwili au vitatu siku ya kwanza, kisha huongezwa taratibu kwa siku kadhaa huku kinyesi kikiangaliwa. Kinyesi kikilainika, kitu hicho husimamishwa na mbwa hurudishwa kwenye mlo aliouzoea kabla ya kujaribu kingine.

Damu kwenye kinyesi, kutapika kusikokoma, homa, kukonda, au mbwa mdogo asiyechanjwa anayeharisha na kukataa chakula ni mambo ya kumpeleka kwa veterineri siku hiyohiyo. Kwa watoto wa mbwa, ugonjwa wa virusi vya parvo huua ndani ya siku chache. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni na parasetamoli, mbwa asipewe. Baada ya kupona, mafunzo yanaweza kuendelea kwa sifa na kamba, na vitafunwa kurudishwa kinyesi kikishakuwa kigumu kwa siku kadhaa mfululizo, vikianza na kile alichokivumilia kabla ya kuugua.