Redio Isiyosikika Kibati

Historia ya parokia huandikwa kwa mambo yaliyotendeka: misioni kufunguliwa, kanisa kujengwa, watu kubatizwa. Hapa tutasema juu ya jambo ambalo halikutendeka. Katika miaka ile redio ya masafa ya kati, iitwayo AM, ilipokuwa chombo kikubwa cha kueneza habari katika Afrika, Kanisa la kwetu Kivu halikuwa na mlingoti wake.

Mfano haukukosekana. Huko Leopoldville, Mapadri Wayezuiti walifungua Radio Léo katika Collège Albert mwaka 1937. Wasalesiani wa Elisabethville nao wakawa na Radio Collège. Lakini katika utawala wa Mobutu redio ilikuwa mali ya Dola peke yake. Mwaka 1972 gazeti la Afrique Chrétienne lilifungwa, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Februari 1973 magazeti 31 ya dini yalikatazwa. Aliyenyimwa ruhusa ya kuchapa karatasi angethubutuje kuomba mawimbi ya hewani?

Tena nchi yetu yenyewe ni ngumu. Kituo cha masafa ya kati si chumba na kinasa sauti tu. Kwa wimbi la kilohezi 1000, mlingoti ulio kamili hupanda kadiri ya metre 75, na chini yake mafundi huchimba na kulaza nyaya nyingi za shaba, zikienea pande zote kama mizizi ya mti, kwa maana wimbi hili hutembea juu ya ardhi na hupenda udongo wenye maji. Sasa mwenye kujua Kibati atazame chini ya miguu yake! Ni mawe ya volkano, makavu, makali, yanayokula viatu na majembe. Hata kuchimba choko cha shimo refu hapa ni kazi ya siku nyingi.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ulipasuka, na ziwa lake la moto likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Watu wengi walikufa njiani na mashambani. Tusijidanganye: moto ule ulikwenda mbio kuliko tangazo lolote, na redio isingewaokoa. Lakini siku zilizofuata, kila mmoja alipotafuta ndugu zake, sauti ya karibu ingekuwa faraja kubwa.

Mlango ulifunguliwa tarehe 24 Aprili 1990, chama kimoja kilipokoma. Mwaka 1993 Radio Maendeleo ilianza Bukavu, kwa FM. Hapo masafa ya kati yalikuwa yamekwisha pitwa. FM hutaka kilima, antena fupi na mashini ndogo ya umeme. Haiombi mizizi ya shaba. Radio Okapi ilipoanza Februari 2002, majuma machache baada ya moto wa tarehe 17 Januari kuingia Goma, nayo ilishika njia ya FM, pamoja na masafa mafupi kwa walio mbali. Na mwezi wa Mei 2021, watu wa kartiye 10 za Goma walipoamriwa kuhama, redio hizo ndizo zilizopeleka amri ile nyumba kwa nyumba, pamoja na simu za mkononi.

Mwaka 1975 mataifa yalikutana Geneva kugawanya masafa ya kati, wimbi kwa wimbi, kwa nafasi ya kilohezi 9, na mpango wao ukaanza kutumika tarehe 23 Novemba 1978. Vituo vingi vya Afrika vilivyoandikwa humo havikujengwa kamwe. Mpango ule haujafutwa, na majina yao yangali katika orodha, kila moja na namba yake ya wimbi.