Draiva za gofu za mzunguko mdogo: nani wa kumuuzia

Wasafirishaji wasichanganywe na jina. Draiva hapa si mtu wa usukani, bali ni fimbo kubwa ya gofu inayotumika kwa pigo la kwanza la shimo. Ikiwa imetumika, inaweza kumfikia mfanyabiashara wa Rwekubo, wilayani Isingiro, ndani ya mzigo wa vifaa mchanganyiko. Soko la karibu ni uwanja wa gofu wa Mbarara.

Baadhi ya fimbo hizo zina alama maalumu: Ping huandika LST, TaylorMade huandika LS, Callaway huweka almasi tatu, na Titleist hutumia namba 4, kama TSi4 na TSR4. Alama hizi maana yake ni kwamba kichwa kimeundwa ili mpira uzunguke kidogo ukiwa angani. Zikiwa mpya ni za bei ya juu, na muuzaji wa jumla atazisifia sana. Tatizo ni kwamba wanaofaidika nazo ni wachache, na mali isiyo na mnunuzi hukaa dukani.

Mchezaji mwenye nguvu, ambaye kichwa cha fimbo yake hufikia maili 105 kwa saa (kilomita 169) au zaidi, huuzungusha mpira kupita kiasi. Ukizidi mizunguko 3,000 kwa dakika, mpira hupanda juu mno na kupoteza umbali. Kwa mtu huyo mizunguko 2,000 hadi 2,500 ndiyo inayofaa, na kichwa chenye uzito uliosogezwa mbele na chini humsaidia kuipata. Lakini mchezaji wa kawaida, wa maili 90 na kidogo, anauhitaji mzunguko huo ili mpira ubaki hewani. Akipewa draiva ya LS, mpira wake utaanguka mapema. Isitoshe, vichwa hivi havisamehe: mpira ukigongwa pembeni mwa uso, umbali hupungua zaidi kuliko kwenye draiva ya kawaida.

Mwinuko nao una sehemu yake, na wauzaji wengi hawaufikirii. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 5 hivi kuliko Mombasa au Dar es Salaam, lakini mzunguko hauunyanyui kama kule pwani. Kwa hiyo fimbo ya nyuzi 8 inayopendwa na mchezaji wa pwani, anayepambana na upepo wa bahari, inaweza kuwa kali mno huku bara. Nyuzi 9 hadi 10.5 huuzika kirahisi zaidi.

Kama hakuna mashine ya kupima kasi, mteja aulizwe mpira wake unatua umbali gani, bila kuhesabu unapobiringika. Anayefikisha yadi 260 akiwa Mbarara ni mteja wa LS. Wa yadi 220 auziwe draiva ya kawaida, hata akiisifia ile nyingine kwa jina. Herufi kwenye shafti pia isomwe: R ni ya kasi ya kawaida, S ya wenye nguvu, X ya wenye kasi kubwa zaidi. Kichwa cha LS juu ya shafti ya R ni mchanganyiko wa kutiliwa shaka. Huenda fimbo imeunganishwa mtaani.

Bandia ni nyingi. Sumaku iwekwe kwenye uso wa fimbo: titani haishiki, chuma hushika. Kichwa kitikiswe kusikia kama kuna kitu kinacheza ndani, na uso ukaguliwe nyufa. Ujazo wa kichwa usizidi sentimita za ujazo 460, la sivyo haikubaliki mashindanoni.

Mpakani, fimbo kamili hutangazwa kwa namba 9506.31. Vichwa na shafti zikija mbalimbali ni 9506.39. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiwezi kutumika hapa: fimbo iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya au Tanzania kwa sababu tu ilinunuliwa Nairobi au ilipitia Mutukula.