Vitu vya mpangaji vilivyobaki chumbani: ni amana, si malipo ya kodi



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Taala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Swahaba zake.

Wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaotafuta riziki katika ukanda wa dhahabu: Kahama mkoani Shinyanga, na Katoro na Nyarugusu mkoani Geita. Wengine huuza nguo na vyombo, wengine huingia kwenye maduara. Maisha ya huko ni ya kuhama. Ikisikika dhahabu imeonekana pahala pengine, mtu hufunga mlango akaondoka, vitu vikabaki. Na mwengine hufukiwa na kifusi, asirudi tena. Hapo ndipo familia huuliza:

SUALI

Kijana wetu amefariki huko Geita akiwa anadaiwa kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba ametia kufuli yake na anasema atauza vitu ajilipe. Je, ana haki hiyo? Na sisi tufanye nini?

JAWABU

Kwanza: deni limethibiti, lakini vitu si vyake. Mwenye nyumba ana haki ya kodi yake. Ama godoro, simu na bidhaa zilizomo chumbani, hizo ni amana mikononi mwake, na Allah ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Vingekuwa rehani lau wangekubaliana hivyo. Hata rehani haiuzwi ila kwa idhini ya mwenyewe au hukumu ya hakimu, na kinachozidi deni hurudishwa. Akivizuia baada ya kutakiwa na wenye haki, kisha vikaibiwa au kuharibika, dhamana ni juu yake.

Wapo wanaoshika kauli ya wanazuoni wa Kishafii kwamba mdai anaweza kuchukua haki yake katika mali ya mdaiwa. Kauli hiyo ipo, na miongoni mwa dalili zake ni hadithi ya Hind bint Utba katika Bukhari na Muslim. Lakini ina masharti, na asli yake ni mdaiwa anayekataa kulipa. Familia iliyo tayari kulipa haikukataa. Aidha, viroba vya mawe vilivyomo chumbani huenda ni vya ubia, baina ya mwenye duara, wachimbaji na aliyetoa mtaji. Anayeviuza anauza mali ya watu asiowajua.

Pili: mali ya maiti ni ya warithi. Baada ya gharama za maziko hulipwa madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Kwa hivyo na nyinyi msikimbilie kuvichukua vitu mkaliacha deni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Muda ambao vitu vyenu vimekizuia chumba, nao una kodi ya mfano wake. Lakini tangu siku mlipotaka kuvitoa na yeye akakataa, hana kodi ya kudai. Na kama marehemu ameacha watoto wadogo, basi kila mmoja aogope onyo la aya ya 10 ya Suratun-Nisaa juu ya mali ya mayatima.

Tatu: njia ya kufuata.

Mjane aliyemo edani, miezi minne na siku kumi, hana haja ya kusafiri. Familia imtume mtu mwaminifu mwenye barua. Akifika, chumba kifunguliwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, imamu wa msikiti wa karibu na mashahidi wawili. Kila kitu kiandikwe, pande zote zitie saini na kila upande ubaki na nakala. Hapo hapo lisemwe deni ni kiasi gani na litalipwa lini. Mkikubaliana kuuza kitu ili deni lilipwe, na hilo linajuzu, kwa bei ya soko na kwa ridhaa ya wote wenye haki. Fungu la mtoto mdogo husimamiwa na walii wake.

Ikishindikana, fahamuni kwamba Mahakama yetu ya Kadhi haina mamlaka huko, na kadhi wa Bara husuluhisha kwa ridhaa tu. Mizozo ya upangaji hupelekwa kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha bila kutoa hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mwenye sauti ya kisheria juu ya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hivyo jambo hilo lisicheleweshwe.

Mwisho, wazee tuwausie vijana kabla hawajapanda boti. Waandikiane na mwenye nyumba, kama ilivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul-Baqara, aya ya 282. Mkataba utaje jina na simu ya mtu wa nyumbani, na vitu vifanywe nini mpangaji asiporudi. Mistari mitatu ya maandishi humwokoa mwenye nyumba na dhulma, na humwokoa mama aliyefiwa na safari ya kugombania godoro la mwanawe.

Wallahu a'lam.