Nayece na Fahali wa Kijivu: Ngano ya Watoto au Tarihi ya Waturkana?

Kataboi ni kijiji cha ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Wengi wa wakazi wake hupata riziki yao majini. Hata hivyo, hadithi ielezayo chanzo cha Waturkana haina samaki wala ziwa ndani yake. Wahusika wake wakuu ni fahali aliyetoroka na kikongwe aliyekuwa akichuma matunda ya mwituni. Kwa sababu ya wahusika hawa wawili, na kwa sababu hadithi yenyewe huchekesha, upo mwelekeo wa kuihesabu miongoni mwa ngano za watoto na kuiacha hapo. Makala haya yanakusudia kuupinga mwelekeo huo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Fahali wa kijivu aliwaponyoka Wajie, ambao hadi leo wanakaa Kotido katika Uganda ya kaskazini-mashariki, akateremka mashariki hadi bonde la mto Tarach. Vijana wakatumwa kumrudisha. Walizifuata nyayo zake mpaka bondeni, na huko wakamkuta fahali ameshiba, pamoja na bibi kizee aitwaye Nayece, Mjie kama wao, ambaye alikuwa amekwisha kuyazoea maisha ya upweke. Aliwapa moto, akawaonyesha matunda na malisho. Vijana waliporudi kwao walipeleka habari za nchi mpya, na baadaye wengine wakawafuata kuja kuishi huko. Kilima kiitwacho Moru Anayece, yaani kilima cha Nayece, kimelihifadhi jina lake.

P. H. Gulliver aliigusa habari hii katika uchunguzi wake juu ya Waturkana uliochapishwa mwaka 1951. John Lamphear aliichambua zaidi katika kitabu chake cha historia ya Wajie cha mwaka 1976, na tena katika makala ya mwaka 1988 ambayo anwani yake inawaita Waturkana watu wa fahali wa kijivu. Kwa kuyalinganisha masimulizi na mpangilio wa marika, Lamphear aliweza kukisia kwamba mtengano wa Waturkana na Wajie ulitokea yapata mwanzo wa karne ya 18. Basi hadithi iliyodhaniwa ya kuwalaza watoto imekuwa shahidi mkuu katika shauri la kitaaluma.

Lakini shahidi huyu hana kauli moja. Katika simulizi tuliloeleza, vijana ndio wanaofuata nyayo, na Nayece wanamkuta tu. Katika masimulizi ya Wajie aliyoyachunguza Mustafa Kemal Mirzeler, na kuyatolea kitabu mwaka 2014, Nayece mwenyewe ndiye anayemfuata fahali Engiro wakati wa ukame, na safari ya wawili hao hukumbukwa katika sherehe za mavuno za Wajie. Tofauti hii si ndogo. Tukiwafanya vijana kuwa mashujaa, nchi inakuwa tunda la ushupavu wa wanaume wenye mikuki. Tukimpa Nayece nafasi yake, nchi inapatikana kwa mnyama mkaidi na mwanamke aliyekuwa na akili ya kumfuata, na Waturkana wanakuwa watoto wa binti wa Wajie. Madai ya ujamaa baina ya watu hawa wawili, ambao wamepata kunyang'anyana mifugo na pia kuombana malisho, yana mizizi yake hapo. Anayeipunguza hadithi hii kuwa kichekesho anaukata ushahidi wa udugu katika eneo ambalo ushahidi huo bado una kazi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1973 Waturkana walipatana na Wamatheniko, ndugu zao wengine wa jamii ya Ateker, huko Lokiriama.

Hata hivyo, kicheko chenyewe tusikitupe. Vijana shupavu wanatumwa kumrudisha ng'ombe, naye ng'ombe amewatangulia kuijua nchi njema. Wanafika wakiwa na njaa, na anayewaokoa ni mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Yeyote aliyepata kuhangaika porini akimtafuta mnyama aliyepotea ataiona dhihaka iliyomo.

Hapa inafaa kuitazama kwa ufupi ngano ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja. Maskini mpekua jaa anamnunua paa kwa thumni. Paa huyo ana ulimi mtamu, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba, kisha anakufa kwa kutothaminiwa, na bwana anarudi jaani kwake. Jamaa yake wa mbali ni paka wa Charles Perrault, wa mwaka 1697. Paa na paka husema, na kusema ndiko silaha yao. Fahali wa Nayece hasemi neno katika masimulizi niyajuayo. Huacha nyayo tu. Kwangu mimi hii ndiyo alama iliyo wazi kuliko zote kwamba tumeitoka nchi ya ngano tukaingia katika tarihi: nyayo husomwa na yeyote, na huweza kubishaniwa.

Mfasiri wa Kiswahili ana mashaka yake hapa. Kiturkana hubainisha jinsia katika viambishi vya nomino: *aberu* ni mwanamke, *emong* ni maksai, *ikoku* ni mtoto. Kwetu, bibi na ng'ombe wote huchukua *a-*. Sentensi kama "alifika bondeni, akayaona majani, akakaa" haituambii ni nani aliyekaa. Wengine wataita huo upungufu. Mimi naona ni bahati, kwa kuwa wasafiri hawa wawili wanastahili kuchanganywa. Neno la kuchaguliwa kwa uangalifu ni lile la ng'ombe mwenyewe. Maandishi mengine humwita fahali, mengine maksai. Kwa mfugaji wa Kiturkana maksai apendwaye ni nafsi ya pili: humwimbia, na huitwa kwa jina la kumhusu, lenye kuanzia na *Apa-*. Fahali, kwa upande wake, ni mbegu ya zizi jipya. Mimi nimechagua fahali, kwa kuwa hadithi ni ya uzao. Rangi ya kijivu nayo inapoteza kitu, maana lugha yetu ni maskini wa majina ya rangi za ng'ombe. Ingawa, kwa nasibu tu, neno letu limetokana na jivu, na Nayece ndiye aliyekuwa na moto.

Mto Tarach unapita Kakuma. Kando yake ndipo ilipoanzishwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992, kwanza kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, kisha Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo. Katika madarasa yake, ambamo Kiswahili hufundishwa, wamo watoto ambao jamaa zao walifika bondeni humo bila chochote, wakawakuta wenyeji. Hadithi ya Nayece isomwe huko ikiwa kamili, bibi akiwa mbele ya vijana.